Kalamu Hupita Getini, Hamira Haipiti: Tunavyosimulia Vibaya Sayansi ya Gerezani

Huenda na wewe ilikufikia. Mwaka 2020 ilizunguka sana habari ya mfungwa mmoja wa jimbo la Washington, Marekani, aliyejifunza hesabu akiwa gerezani mpaka akachapisha makala kwenye jarida la kitaalamu. Jina lake ni Christopher Havens, na wakati huo alikuwa anatumikia kifungo cha miaka 25 kwa kosa la mauaji. Mimi niliisoma mara mbili, nikawatumia marafiki, nikarudi kwenye kazi zangu. Baadaye ndipo nikaanza kuhisi kuna kitu kinanikera.

Kinachonikera si Havens. Kazi yake ni ya kweli na imepimwa na wanaojua. Kinachonikera ni sisi tunaosimulia. Kila tunapoandika kuhusu sayansi na wafungwa, tunaandika kwa namna tatu zilezile: muujiza, picha nzuri, au asilimia. Na katika zote tatu kuna mtu mmoja anayepotea, yule mwalimu wa kawaida wa chuo cha jamii anayeingia gerezani jioni kufundisha baiolojia ya mwaka wa kwanza. Nataka nikuonyeshe kwa nini kupotea kwake si jambo dogo.

Muujiza wa karatasi

Tuanze na hesabu zenyewe, maana habari nyingi ziliziruka.

Unaikumbuka 22/7? Shuleni tuliambiwa tuitumie badala ya pai, basi, hakuna aliyetuambia imetoka wapi. Hebu tuitafute. Pai ni 3.14159265 na kuendelea. Chukua 3, weka pembeni. Kimebaki 0.14159265. Gawa 1 kwa hicho kilichobaki, unapata 7.0625 na ushee. Chukua 7. Kwa hiyo pai ni karibu 3 na 1/7, ambayo ni 22/7. Ile ya darasani, hiyo hapo.

Usiishie hapo. Kimebaki 0.0625 na ushee. Gawa tena 1 kwa hicho, unapata 15.9966, karibu kabisa na 16. Sasa rudi nyuma: badala ya 7 weka 7 na 1/16. Ukikokotoa, pai inakuwa 355/113. Piga kwenye kikokotoo: 3.1415929. Tarakimu sita baada ya nukta ziko sahihi, na umetumia namba ambazo mtoto anaweza kuzikariri.

Hizi ndizo sehemu zinazoingia ndani ya sehemu nyingine, bila kikomo ukitaka. Makala ya Havens, iliyotoka Januari 2020 katika jarida la Research in Number Theory, inachunguza mpangilio unaojitokeza katika sehemu za aina hii pale namba inapobadilishwa kwa kanuni fulani. Aliandika pamoja na wanahesabu watatu wa Italia: Stefano Barbero, Umberto Cerruti na Nadir Murru. Cerruti, kabla ya kumkubali, alimtumia swali la kumpima. Jibu lilirudi kwa posta katika karatasi yenye urefu wa sentimita 120, imejaa fomula ndefu, na Cerruti alipoiingiza kwenye kompyuta akaikuta ni sahihi.

Ni habari tamu, sibishi. Lakini tazama vifaa vilivyotumika. Karatasi. Kalamu. Stempu. Yaani sayansi yote ile ilipita katika tundu la bahasha.

Na hayuko peke yake. Mwaka 1940 mwanahesabu Mfaransa André Weil alifungwa huko Rouen kwa kutoripoti jeshini, na humo ndani akafanya baadhi ya kazi zake maarufu kabisa. Ukija huku kwetu, utakuta jambo lilelile kwa sura nyingine. Katika magereza ya Uganda na Kenya wapo wafungwa waliosoma sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London. Mmoja wao ni Susan Kigula wa Uganda, ambaye jina lake liko kwenye kesi iliyofanya Mahakama ya Juu, mwaka 2009, kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Alisoma sheria akiwa ndani, akatoka 2016. Sheria nayo ni karatasi na kalamu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tunaposoma habari hizi tunafikiri tunajifunza kitu kuhusu vipaji, kwamba hata gerezani akili kubwa hujitokeza. Kumbe sehemu kubwa ya tunachokiona ni geti. Geti linaruhusu karatasi, kwa hiyo mashujaa wetu ni wa hesabu na sheria. Aliyezaliwa na jicho la mwanabaiolojia, au mikono ya mkemia, hatutamsikia. Akili anaweza kuwa nayo. Kifaa chake ndicho kimezuiwa mlangoni.

Sisi wa sayansi tuna jina la kosa hili: kuchukua sampuli iliyochujwa ukaidhania ni dunia nzima. Tunalikemea kwenye tafiti za wenzetu, halafu tunalifanya wenyewe kwenye simulizi.

Hamira

Sasa mchukue yule mwalimu ninayemtaka. Simpi jina, maana ni wengi. Marekani, kazi kubwa ya kufundisha elimu ya juu magerezani inabebwa na vyuo vya jamii, vile vyuo vya umma vya miaka 2 ambavyo mtu husoma karibu na nyumbani kwa ada nafuu. Asubuhi mwalimu anafundisha kampasi. Jioni anaendesha gari, anafika getini, anaacha simu, anakaguliwa, anasubiri milango ifunguliwe mmoja baada ya mwingine. Kozi ni ileile, na krediti zinatakiwa ziwe zilezile.

Wiki ya nne ni upumuaji wa seli. Kampasi jaribio lake ni rahisi kuliko yote: hamira, sukari, maji vuguvugu, chupa, na puto mdomoni mwa chupa. Hamira inakula sukari, inatoa kabonidayoksaidi, puto linavimba. Watoto wa shule wanalifanya jikoni.

Gerezani, thubutu. Hamira na sukari katika maji vuguvugu ni nini? Ni pombe. Huhitaji kuwa mkemia kulijua hilo, bibi zetu wapika busaa wanalijua. Magereza ya Marekani yanaichunga hamira kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo jaribio salama kuliko yote nje ndilo la kwanza kukataliwa ndani. Ongeza vioo, wembe wa kupasulia, asidi, moto. Vyote vina sababu ya kuzuiwa, na si sababu za kijinga. Askari wa getini hana ugomvi na sayansi. Yeye anaulizwa kitu kimoja tu: hiki kinaweza kuwa nini mikononi mwa mtu mwingine?

Mwalimu afanye nini? Hapa ndipo penye sayansi ambayo hatuiandiki. Anaweza kufundisha uteuzi asilia kwa maharage ya rangi mbili juu ya kitambaa chenye rangi inayofanana na mojawapo: mwanafunzi "anawinda" kwa sekunde kumi, mnahesabu waliobaki, waliobaki "wanazaana", mnarudia. Anaweza kupima mapigo ya moyo kabla na baada ya kuruka papo hapo dakika moja, halafu darasa zima likabishana kwa nini namba za watu zinatofautiana, nani alihesabu vibaya, na je, wastani unatosha. Hakuna hata kimoja humo kinachomtisha askari.

Lakini bado haitoshi, na yeye anajua. Kuna mambo ya sayansi ambayo huwezi kuyapata mpaka kitu kikukatalie mkononi. Jaribio linaharibika, unatafuta kosa lako, unagundua kosa ni la kifaa, au baya zaidi, kosa ni la wazo lako. Karatasi haikukatalii hivyo.

Nitasema langu kidogo. Mimi nilisoma sekondari ambayo maabara yake ilikuwa chumba chenye kufuli. Nilichora pipeti vizuri sana, nikaipaka na kivuli, kabla sijawahi kuishika. Nilipofika chuo kikuu na kushika ya kwanza mkono ulinitetemeka, na wenzangu waliotoka shule zenye vifaa walidhani sijui kemia. Nilikuwa naijua. Sikuwa nimeigusa. Wengi mnaosoma hapa mnaelewa ninachosema bila maelezo. Ndiyo maana swali la mwalimu wa gerezani si geni kwetu: darasa la sayansi lisilo na praktiko ni darasa la sayansi, au ni darasa la habari za sayansi?

Na swali hili lina tarehe. Mwaka 1994 sheria ya Marekani iliwanyima wafungwa ruzuku za Pell, ambazo ndizo zinazomlipia ada mwanafunzi maskini. Programu nyingi zikafa. Mwaka 2014 California ilipitisha sheria iliyowezesha vyuo vyake vya jamii kulipwa kwa kufundisha ana kwa ana ndani ya magereza ya jimbo. Mwaka 2015 serikali kuu ikatangaza jaribio la kurudisha Pell kwa vyuo vichache, na tangu tarehe 1 Julai 2023 mlango umefunguliwa tena kwa programu zote zinazoidhinishwa. Kwa hiyo sasa hivi vyuo vinaamua watafundisha nini humo ndani. Chuo kinachotaka urahisi kitachagua kozi za karatasi tu, na kitasema sayansi haiwezekani. Habari za muujiza zinakisaidia kusema hivyo: si mnaona, mwenye kipaji anafanya hata bila maabara!

Picha nzuri

Yapo mazungumzo mafupi ya Nalini Nadkarni ya mwaka 2010, kwenye jukwaa la TED, ambayo bado yanasambazwa sana. Nadkarni ni mwanaekolojia wa vilele vya miti. Anasimulia alivyofunga brashi ya rangi kwenye ncha ya tawi, akaacha upepo uchore, ili kuonyesha kwamba mti tunaodhani umetulia kumbe unatembea. Kisha anauleta mfano kwa wafungwa: nao tunadhani wamekwama, kumbe wanaweza kusogea.

Mradi wenyewe ni wa kuheshimiwa. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika gereza la Cedar Creek, Washington, kwa ushirikiano wa chuo cha Evergreen State na idara ya magereza ya jimbo. Walianza na kuvumwani, ule mmea laini kama zulia unaotanda kwenye magome na mawe yenye unyevu. Wauza maua walikuwa wanauchuna msituni, na msitu hauurudishi haraka. Swali likawa: unaweza kuoteshwa? Wafungwa wakaotesha, wakajaribu njia, wakaandika yaliyotokea. Baadaye wakaja chura wa madoa wa Oregon, spishi iliyo hatarini, waliolelewa kuanzia mayai na viluwiluwi mpaka wakubwa wa kuachiliwa mabwawani. Mwaka 2011 wanawake wa gereza la Mission Creek walianza kulea vipepeo walio hatarini.

Tazama walivyolivuka geti. Kuvumwani hakina makali. Chura hachachuki. Walitafuta sayansi ya vitu halisi ambayo askari hana sababu ya kuikataa. Hilo ni jibu bora kwa swali la hamira kuliko lolote nililotaja juu, na ndilo ningependa kulisikia jukwaani kwa urefu: waliombaje ruhusa, walikataliwa nini, walibadilisha nini.

Lakini mfano wa brashi una kasoro, nao umeigwa na wengi waliofuata. Katika mfano ule, anayefunga brashi ni mwanasayansi, na anayesoma mchoro ni mwanasayansi. Mti unapewa sifa ya kusogea tu. Mtu si mti. Ukitaka kujua kama ni elimu, uliza nani alitunga swali, nani aliruhusiwa kusema jaribio limeshindikana, na nani jina lake limo kwenye matokeo. Uliza pia alipata nini. Ujira wa kazi za gerezani huko kwa muda mrefu mara nyingi haukufika dola 1 kwa saa. Kumlea chura kwa ujira huo kunaweza kuwa darasa zuri sana, au kunaweza kuwa kazi ya bei rahisi yenye picha ya kupendeza. Tofauti yake ni krediti, mwalimu, na haki ya kuuliza. Picha ya mfungwa ameshika kiluwiluwi haituambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Filamu ya Lynn Novick, College Behind Bars, iliyorushwa na PBS Novemba 2019 kwa sehemu nne, inajitahidi zaidi. Inakaa na wanafunzi wa programu ya chuo cha Bard huko New York muda mrefu, unawaona wakisoma, wakisahihishwa, wakikata tamaa, wakirudi. Nimeipenda kwa sababu inaonyesha jasho. Ila uliza mtu aliyeitazama anakumbuka nini: atakwambia midahalo. Timu ya programu hiyo iliwahi kuishinda ya Harvard mwaka 2015, dunia ikaandika. Tumerudi palepale, kwenye ulimi na karatasi. Na Bard ni chuo binafsi chenye jina, wakati mzigo mkubwa uko kwa vyuo vya jamii ambavyo hakuna kamera inayovifuata.

Asilimia 43

Namna ya tatu ndiyo inayotuaibisha zaidi sisi watu wa namba. Karibu kila makala kuhusu elimu gerezani ina sentensi hii: aliyesoma gerezani ana uwezekano mdogo kwa asilimia 43 wa kurudi. Chanzo ni ripoti ya shirika la utafiti la RAND ya mwaka 2013. Ripoti ni nzuri. Sentensi ina makosa.

RAND hawakusema uwezekano. Walisema uwiano, yaani wanaorudi ukilinganisha na wasiorudi. Tuchukue mfano wa makundi mawili ya watu 100. Kundi lisilosoma: 43 wanarudi, 57 hawarudi. Kundi lililosoma: 30 wanarudi, 70 hawarudi. (Namba 43 imejirudia kwa bahati tu, usiichanganye na ile asilimia.) Uwiano wa kwanza ni 43 kwa 57, karibu 0.75. Wa pili ni 30 kwa 70, karibu 0.43. Kutoka 0.75 kushuka hadi 0.43 ni punguzo la karibu asilimia 43. Sawa.

Lakini uwezekano wenyewe umetoka 43 kati ya 100 hadi 30 kati ya 100. Hilo ni punguzo la watu 13 katika kila 100, na RAND wenyewe waliitaja hiyo 13. Ukitaka kusema kwa asilimia ya uwezekano wa awali, ni kama 30, si 43. Watu 13 kati ya 100 ni wengi mno! Hawahitaji kutiwa chumvi.

Halafu kuna jambo la pili. Hesabu ile ilijumuisha elimu ya kila aina, kuanzia kujua kusoma na ufundi mpaka chuo. Huwezi kuichukua ukaibandika kwenye kozi ya baiolojia. Na waliojiandikisha huenda tayari walikuwa tofauti na wasiojiandikisha. RAND walilijua hilo, ndiyo maana hiyo asilimia waliitegemeza kwenye tafiti zenye mbinu imara zaidi. Onyo lao halifiki kwenye habari zetu.

La tatu ndilo linaloniuma. Mwanafunzi wa kampasi akifaulu kemia, hakuna anayemuuliza, "Sasa hutaiba?" Tunamuuliza kama ameielewa kemia. Wa gerezani tunampima kwa alichoacha kufanya miaka mitatu baadaye, kana kwamba baiolojia ni dawa ya tabia. Mwalimu wake anajua swali sahihi, kwa sababu yeye ndiye anayesahihisha madaftari: ameelewa kwa nini puto lilipaswa kuvimba, ingawa hakuliona?

Nani alibeba bahasha?

Nirudi kwa Havens. Kwa maelezo yake mwenyewe, hesabu zilianza akiwa katika selo ya peke yake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akipita akigawa bahasha za maswali ya hesabu kwa wafungwa. Aliomba bahasha. Baadaye ya darasani yakamwishia, akaanza kuandikia watu wa nje. Katika habari nyingi mzee huyu anapata sentensi moja, au hapati kabisa, kwa sababu akiwepo muujiza unapungua. Mimi naona kinyume. Akiwepo, jambo linaanza kueleweka, na likieleweka linaweza kurudiwa. Havens mwenyewe nadhani ameliona hilo, maana alishiriki kuanzisha mradi wa kuwaunganisha wafungwa na wanahesabu wa nje ili wawafundishe kwa barua.

Basi habari nyingine ya aina hii ikikufikia, na itakufikia, usiitume kwanza. Angalia kama imekuambia ni kifaa gani kilipita getini na kipi kilibaki. Angalia nani alitunga swali. Ukikuta asilimia, uliza ni ya nini. Na kama humo ndani hakuna mwalimu hata mmoja, jua umesomewa nusu ya habari, maana bahasha haikujipeleka yenyewe mlangoni mwa selo.